Mashine ya kukamulia ndimu ya kubana kwa mkono: ya rangi nimeijutia, ya stenlesi siazimishi

Nimenunua mashine mbili za kukamulia ndimu ndani ya mwaka mmoja, zile za kubana kwa mkono zenye vishikio viwili kama koleo, na naandika kwa sababu kila mgeni akinywa juisi kwangu hapa Makorora, Tanga, swali la kwanza ni umeweka nini humu na la pili ni hiyo mashine umeipata wapi. Basi leo nieleze yote kwa mkupuo mmoja, mashine na juisi yenyewe, maana moja bila nyingine haieleweki.

Ya kwanza ilikuwa ya alumini iliyopakwa rangi ya kijani, shilingi 6,000, nilinunua duka moja la vyombo huku Ngamiani, duka lenyewe silitaji. Nzuri kuitazama wallahi, inang'aa, nyepesi, nikaitundika jikoni kabisa. Mwezi wa kwanza nikaisifia kwa kila mtu. Mwezi wa pili nikaona rangi imeanza kunyanyuka pale kwenye matundu, nikajipa moyo, nikasema labda uchafu wa ndimu. Mwezi wa tatu, na ilikuwa Ramadhani, nikakuta kipande cha kijani kinaelea kwenye jagi la futari na mama mkwe ndo kashika glasi anasubiri adhana. Nilimwaga jagi zima. Ndimu 12 zikaenda na maji, na ndimu za Ramadhani kila mtu anajua bei yake inavyopanda, lakini kilichoniuma zaidi ni kufikiria yale magilasi tuliyokwisha kunywa wiki zilizopita bila kuangalia.

Nilirudi dukani nayo. Nikaambiwa mali ikishatoka hairudi. Sawa, nikaondoka.

Sasa nielezee sababu maana mtu akielewa hatarudia. Maji ya ndimu ni asidi, na asidi inaila alumini. Ndo maana bibi yangu wa Pangani alikuwa hakubali kitu kilichotiwa ndimu au ukwaju kilale kwenye sufuria ya alumini, alikuwa anasema kinachukua ladha ya chuma na ni kweli kinachukua. Ile rangi iko pale kuizuia asidi isiguse alumini, lakini unapobana, ganda la ndimu linasugua palepale kwenye matundu kila siku, rangi ikishachubuka kidogo tu asidi inaingia chini yake na kuanzia hapo inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo sio kwamba mie nilipata mbovu bahati mbaya, ya rangi kwa mtu anayekamua ndimu kila siku lazima itafika hapo, ni suala la muda tu. Kama unakamulia kwenye supu mara moja kwa wiki labda itakaa sana, lakini mtu wa juisi hapana.

Ya pili ni ya stenlesi tupu, haina rangi yoyote, shilingi 18,000. Mara tatu ya ile. Nilisita jamani sifichi, nikaenda nikarudi mara mbili. Muuzaji wa hapo pembeni ya soko la Mgandini, Mungu ambariki, hakunisukuma, alinipa mkononi ile ya rangi na hii ya stenlesi kwa pamoja akasema dada pima uzito mwenyewe. Nikapima. Hii ni nzito, vishikio virefu, ukivikutanisha kile kibonyeo cha juu kinaingia sawasawa ndani ya kikombe cha chini bila kucheza huku na huku. Ukienda kununua angalia hapo, kama kibonyeo kinayumba basi ndimu itakuwa inatelezea pembeni na nusu ya maji yanabaki kwenye ganda. Alafu pitisha ukucha ndani ya matundu, kama yana makali yatakukata siku ya kuosha. Saivi ninayo mwezi wa nane, kila siku inabana, haina doa.

Kabla ya hizi mashine mie nilikuwa mtu wa blenda. Na hapa nataka kukaa kidogo maana najua wengi mnafanya hivyo hivyo, mnakata ndimu vipande vinne vinne, mnatupia humo na maji na sukari, mnachuja. Inatoka tamu ukiinywa palepale. Shida inakuja ukiiweka kwenye friji, asubuhi imetengenezwa safi, magharibi unaonja ni chungu, ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi hautoki hata uongeze sukari kilo. Miaka yote nilidhani ni ndimu mbovu, nikawa nagombana na wauza ndimu bure. Kumbe ni ile nyama nyeupe ya ganda na mbegu. Humo kuna kitu ambacho chenyewe sio kichungu, ila kikikutana na asidi ya ndimu kinageuka taratibu kinakuwa limonini, na hiyo ndo chungu. Ndo maana haiwi chungu saa hiyo hiyo, inahitaji masaa. Blenda inasaga mbegu na nyeupe yote inaichanganya mle, wewe unachuja makapi lakini kile kitu kimeshaingia kwenye maji. Mashine ya kubana haisagi mbegu, inazibakiza kwenye kikombe nzima nzima, na nyeupe inabanwa tu haikatwi. Tangu nimeanza nayo juisi ya asubuhi naikuta usiku na ladha yake. Hiki tu ndo kimenifanya nione 18,000 ni halali yake.

Na kuna jambo la jinsi ya kuiweka ndimu ambalo karibu kila ninayemwona anakosea, hata muuza ndimu mmoja sokoni nimemuona. Watu wanaona kikombe kina umbo la nusu ndimu basi wanailaza ndimu humo jinsi linavyokaa umbo, ganda chini sehemu iliyokatwa juu. Ni kinyume. Sehemu iliyokatwa inaangalia chini kwenye matundu, ganda ndo linaangalia juu, ukibana ganda linageuka ndani nje kama soksi na maji yanapita moja kwa moja kwenye matundu. Ukiiweka vile vingine maji yanakurukia machoni na mengine yanabaki. Kabla ya kukata, ivingirishe ndimu mezani kwa kiganja ukiikandamiza, na kama imetoka kwenye friji iache kwanza itoke ubaridi au iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kama tano, ndimu ya baridi haitoi maji hata uibane na miguu.

Nilijaribu siku moja nijiridhishe, ndimu kumi nikakamua kwa mkono, kumi nyingine za fungu lilelile kwa mashine. Za mkono zilijaza kikombe robo tatu, za mashine kikombe kikajaa na kidogo kikazidi. Ndimu zenyewe ni hizi zetu ndogo za kawaida. Malimau makubwa hayaingii, itabidi uyakate robo robo, na hapo kwa kweli ni usumbufu, mtu mwenye mti wa malimau nyumbani atafute yenye kikombe kikubwa.

Sasa juisi. Kipimo changu ni kikombe kimoja cha maji ya ndimu, kikombe kimoja cha sukari, vikombe vinne mpaka vitano vya maji. Asiyependa tamu atie sukari robo tatu. Ila sukari siitii kavu kwenye maji baridi, haiyeyuki yote, inalala chini, wa kwanza anakunywa uchachu na wa mwisho anakunywa sukari. Napika shira, ile ile ya kaimati lakini nyepesi, sukari kikombe na maji kikombe, ikichemka na sukari ikipotea yote naepua, siiachi ikawa nzito. Inakaa kwenye chupa friji wiki mbili na zaidi, kila ukitaka juisi ni kuchanganya tu.

Kuhusu harufu. Watu wanatupa maganda wakati karibu harufu yote ya ndimu iko kwenye ganda, ile kijani ya juu, kwenye maji ya ndani zaidi ni uchachu. Mie kabla sijakata ndimu nakwangua ile kijani ya ndimu tatu nne kwa upande wa matundu madogo wa gretaa, nikifika kwenye nyeupe naacha, alafu naifikicha na ile sukari kwa vidole nusu saa kabla ya kuipika shira. Sukari inavuta mafuta ya ganda inakuwa na unyevu kama mchanga wa pwani, ukiinusa utadhani umeingia shambani Muheza. Ukishatia maji ya moto yote yanaingia kwenye shira, unachuja, unaweka. Wifi yangu wa Dar alipoonja mara ya kwanza akaniuliza nimeweka ladha gani ya dukani.

Ladha sasa, na hapa kila mtu ana mapenzi yake lakini mie nasema yangu.

Mchaichai ndo namba moja na sioni inayoikaribia. Mashina manne matano, unayaponda kwa mwiko kidogo yapasuke, unayachemsha na ile shira dakika kumi, unaacha yapoe humohumo. Nilikuwa najiuliza kwa nini mchaichai na ndimu vinaingiliana hivi kama ndugu, nikaja kusoma kwamba ile harufu ya mchaichai na harufu ya ganda la limau vinatokana na kitu kimoja kinaitwa sitrali, kwa hiyo hauongezi ladha nyingine, unaikuza ileile. Watu wanapanda mchaichai uani kwa ajili ya chai tu, jamani uondoeni kwenye chai mara moja moja muujaribu huku.

Inayofuata ni choya. Yale maua mekundu makavu yanayouzwa sokoni kwa mafungu, konzi moja kwa lita moja ya maji, unachemsha dakika tano tu alafu unaacha yaloweke, ukichemsha sana inakuwa nzito na inakaza ulimi. Choya yenyewe ni chachu kwa hiyo ndimu punguza nusu, usipopunguza hainyweki. Na utaona maajabu, ukitia ndimu ile rangi ya choya iliyokuwa imefifia fifia inageuka nyekundu ya kung'aa palepale, ni asidi inafanya hivyo. Watoto wangu wanagombania kuimimina wao ndimu waone rangi inavyobadilika. Hii naipika kwa shughuli, ukiwa na wageni thelathini na sinia la viazi vya karai mezani hakuna soda inayoguswa.

Tangawizi kila mtu anaijua, ila kama unaisaga mbichi subiri. Iache ile maji ya tangawizi itulie kwenye bakuli robo saa, chini utaona unga mweupe umelala, huo ni wanga, mimina ya juu taratibu na ule unga uache. Ukiuchanganya juisi inakuwa na vumbi kwenye ulimi.

Iliki nzito kidogo, punje nne zilizopondwa kwa jagi zinatosha, na kama unaweza kupata zile zinazoshuka kutoka milima ya Amani chukua hizo, zikiwa kijani bado na hazijavunjika maganda. Iliki na ndimu wengi wanaona ajabu mpaka waonje. Nanaa usiitwange, ipige tu kwenye viganja mara mbili uidumbukize, ikisagwa inageuka chungu na juisi inakuwa rangi ya matope. Pasheni nzuri, haihitaji maelezo. Nanasi nzuri pia ila linatoa povu. Tikiti sikulipenda, maji matupu.

Na zikiwa msimu, mwisho wa mwaka kuelekea Januari, plamsi za Lushoto. Unazichemsha na shira mpaka zipasuke, unachuja na chujio la chai, rangi inatoka kama ya jioni Raskazone jua likizama, uchachu wake ni tofauti na wa ndimu, unakuja taratibu. Msimu mfupi sana huu, ukikaa unafikiria zimeisha.

Kuna jambo moja lazima nilitie hapa ingawa sio la mashine moja kwa moja. Mwaka jana kabla sijanunua hata hii ya kwanza, binti yangu wa miaka tisa alinisaidia kukamua ndimu kwa mikono, alikaa uani juani maana kulikuwa na shughuli na jikoni kumejaa. Siku ya pili mikono ikawa myekundu ina malengelenge, baadaye ikabaki madoa meusi kama kaungua na mafuta, na yalikaa wiki na wiki. Nilichanganyikiwa, nikadhani mzio, nikadhani kaunguzwa na mtu. Nesi alipouliza alikuwa anafanya nini nikamwambia, ndo akanieleza kwamba maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua, ni kitu kinachojulikana, na mafuta ya ganda ndo makali zaidi. Mie nimezaliwa pwani na ndimu nimekamua maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa. Kwa hiyo kamulieni ndani au kivulini na mnawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kabla ya kutoka juani, hasa watoto. Mashine inasaidia hapa pia maana maji yanaenda kwenye bakuli hayashuki mkononi, lakini haizuii yote.

Na wenye vidonda vya tumbo mnajijua. Meno pia, ukishakunywa sukutua kwa maji ya kawaida, usikimbilie mswaki saa hiyo hiyo maana asidi inakuwa imelainisha jino na mswaki unalisugua, subiri kama nusu saa.

Turudi kwenye mashine, kasoro zake nisizifiche. Ya kwanza ile pini inayounganisha vishikio, mashine nzima ni stenlesi lakini pini nahisi sio, maana wiki ya tatu niliiacha kwenye beseni la vyombo usiku kucha nikakuta kutu pale pini ilipo. Nikaisugua na limau na chumvi ikatoka, na tangu hapo naiosha nikimaliza tu, naifuta, natia tone moja la mafuta ya kula kwenye pini kila baada ya siku kadhaa. Haijarudi. Ya pili matundu, nyuzi nyuzi za ndimu zikikaukia mle hazitoki bila kutumia njiti ya meno, kwa hiyo usiiweke kando ukasema nitaosha baadaye. Ya tatu, na hii ndo kubwa kwangu, inataka nguvu ya kiganja. Mie naweza, mama mkwe mikono yake inamuuma kwenye viungo na hawezi kubana hata ndimu tatu. Yeye nimemnunulia ile ya plastiki ya kuzungushia, kile kinundu cha katikati unakandamiza ndimu na kuzungusha, shilingi 1,500. Inatoa kidogo na mbegu zinapita wakati mwingine, lakini anaimudu peke yake na hilo kwake ndo la maana, hapendi kumuomba mtu.

Zile za umeme sijatumia kwa muda wa kutosha kuzisemea, nilionjeshwa moja kwa jirani, ina kasi sawa, ila umeme ukikatika saa kumi na moja jioni ya Ramadhani inakuwa pambo.

Kwa hiyo mie ya stenlesi naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni ya pini. Ya rangi naipa moja, kwa ajili ya umbo lake. Bei ya sasa Mgandini pale nilipochukua bado 18,000, ukiongea vizuri 16,000, maduka ya ndani barabarani huko wanataja mpaka 25,000 na ni ileile kabisa, nimezishika zote mbili. Wifi kaondoka na yake juzi na basi la asubuhi, nimemtilia kwenye kikapu na ndimu ishirini za Muheza na fungu la mchaichai la uani, na jana usiku kanitumia picha ya jagi, ila naona katia nanaa kwa kuisaga.